Siku 360 za Kupona, Siku 23 za Kuhatarisha

Tarehe 24 Februari 1940 farasi wa mbio Seabiscuit hakupaswa kutoka bandani. Naanza na hilo kwa sababu tangu filamu yake ya mwaka 2003 ionyeshwe tena hapa Mutshatsha, kila ninayekutana naye kwenye njia ya stesheni ananiambia neno lile lile: "Papa, lakini alishinda." Ndiyo, alishinda. Alishinda San Antonio Handicap siku hiyo, na siku saba baadaye akashinda Santa Anita Handicap akiwa na kilo 59 mgongoni. Mguu ulivumilia. Yote hayo nayajua, na bado nasema uamuzi ulikuwa mbaya, na ushindi haukuusafisha.

Wengi wenu mmenizoea nikiandika juu ya magoti ya wachezaji wetu. Farasi huku kwetu ni mnyama wa kwenye picha; mbung'o hamwachi aishi, na wachache waliopo mtawakuta mbali, Lubumbashi. Lakini ligamenti ni ligamenti. Ya mpiga mpira na ya farasi zinakatika kwa namna moja, zinapona kwa uvivu ule ule, na zinawadanganya walimu wao kwa uongo ule ule.

Tukumbushane palipoumia. Tarehe 14 Februari 1939, Santa Anita, George Woolf akiwa mgongoni, Seabiscuit alimaliza wa pili nyuma ya farasi aitwaye Today, na ligamenti ya mguu wa mbele wa kushoto ikawa imepasuka. Ni ile inayoshuka nyuma ya mfupa mrefu na kukishika kifundo kilicho juu ya kwato. Farasi akiwa katika kasi, kuna nukta katika kila hatua ambapo mguu mmoja wa mbele unabeba mwili peke yake. Kifundo kinashuka karibu kulamba udongo, na ligamenti hiyo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyokizuia. Ikilegea, kano zilizo jirani nayo zinaanza kulipa deni lisilo lao.

Mwenye farasi, Charles Howard, alimpeleka shambani kwake Ridgewood, karibu na Willits huko California, na mpanda farasi wake Red Pollard, ambaye naye alikuwa akiuguza mguu uliovunjika Juni 1938, akamtembeza, kisha akampanda kwa mwendo wa taratibu, hadi mwaka ukakaribia kwisha. Kazi safi, sina la kuongeza.

Sasa twende kwenye kalenda, kwa kuwa humo ndimo kosa lilimo. Kutoka 14 Februari 1939 mpaka mbio zake za kwanza za kurudi, 9 Februari 1940, ni siku 360. Siku 360 za subira! Halafu angalieni kilichofuata. Tarehe 9 Februari anakimbia La Jolla Handicap, wa tatu. Tarehe 17 anakimbia San Carlos, wa sita. Tarehe 24 San Antonio, wa kwanza. Tarehe 2 Machi Santa Anita Handicap, wa kwanza. Mashindano manne ndani ya siku 23, kwa farasi wa miaka saba ambaye mguu wake unashikiliwa na kovu. Mtu aliyekaa mwaka mzima akijenga nyumba kwa matofali ya kuchoma, anaezekaje paa lake kwa usiku mmoja?

Mwili wa mnyama haurudi wote kwa pamoja. Moyo na mapafu vinarudi kwa majuma. Misuli inafuata kwa miezi miwili mitatu. Ligamenti inapata damu kidogo, kwa hiyo inajishona polepole, na nyuzi za kwanza inazoziweka ni dhaifu, zimelala ovyo kama kamba iliyotupwa chini. Miezi tisa hadi kumi na miwili ya mzigo unaopimwa ndiyo inayozinyoosha zielekee upande mmoja, na hata zikinyooka hazinyumbuki kama zile alizozaliwa nazo. Kwa hiyo Februari ya 1940 mwalimu wake, Tom Smith, alikuwa na farasi mwenye mapafu ya bingwa, mapaja ya bingwa, na kamba moja iliyofungwa fundo. Jicho linaona mapafu na mapaja. Fundo halionekani.

Na kila mbio za kasi zinaacha michubuko midogo ndani ya nyuzi hizo. Haichechemezi. Mara nyingi haioneshi hata uvimbe. Inahitaji siku za kutembea tu ili ijifunge, na siku saba kati ya kasi na kasi ni siku chache mno kwa kovu changa. Leo kuna mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha shimo ndani ya ligamenti, na daktari wa farasi mwenye akili hamruhusu mnyama apande ngazi kabla ya kuipitisha. Mwaka 1940 kulikuwa na kiganja cha mkono kutafuta joto, basi. Asiyeona ndani alipaswa kuongeza tahadhari maradufu.

Watetezi wa Smith, na wapo hata hapa, wanasema zama zile farasi alinolewa kwa mbio zenyewe. Kweli. Na mimi nakubali zile za tarehe 9: baada ya mwaka, lazima umwone akiwa katikati ya wenzake. Nafasi ya tatu ilikuwa habari njema. Lakini tarehe 17 akawa wa sita. Mwalimu anayemwangalia mgonjwa wake akishuka kutoka wa tatu hadi wa sita ndani ya siku nane anapaswa kusoma nini? Benchi la Howard lilisoma kwamba anahitaji mbio nyingine. Mimi nasoma kwamba alihitaji majuma. Wakamrudisha baada ya siku saba, na hapo ndipo nisipoweza kusamehe, maana hakwenda kunyoosha miguu. Alikwenda na kilo 56, akashinda kwa urefu wa farasi wawili na nusu, akasawazisha rekodi ya uwanja kwa umbali ule, kama mita 1,700. Kasi ya rekodi, juu ya kovu, wiki moja kabla ya pambano kubwa! Kisha wiki iliyofuata wakamwongezea kilo tatu na kumpeleka mita 2,000 na zaidi kidogo, na huko nako akaweka rekodi mpya ya uwanja: dakika 2, sekunde 1 na moja ya tano.

Mnajua kwa nini haraka ile. Farasi Sun Beau alikuwa ameshikilia rekodi ya fedha za zawadi tangu 1931, dola 376,744, na Santa Anita Handicap ndiyo iliyokuwa na zawadi ya kuivunja. Tarehe ya zawadi ilikuwa imepangwa, mguu ukalazimishwa kuifuata. Nimeandika katika safu hii mara ngapi kwamba ligamenti haisomi kalenda? Nitaandika tena.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ya kosa hili ilikuwa mkononi mwa Smith huyo huyo. Smith wa mwaka 1938! Mei ya mwaka ule Marekani nzima ilikuwa ikisubiri Seabiscuit na farasi mpinzani wake War Admiral wakutane Belmont kwa dola 100,000. Magoti ya farasi hayakuwa sawa; pambano likafutwa siku chache kabla. Watu wakamtukana. Mwezi uliofuata, tarehe 29 Juni, Suffolk Downs, War Admiral yupo, watu wamejaa, saa ya mbio imekaribia, na Smith anaona mguu haumpendezi. Akamtoa. Akatukanwa tena. Hakutikisika. Novemba 1 mwaka huo huo, huko Pimlico, farasi akiwa mzima, War Admiral aliachwa nyuma kwa urefu wa farasi wanne. Huyo ndiye mwalimu ninayemheshimu, na sijamwona wa kufanana naye. Hata mpanda farasi Nick Skelton, ambaye farasi wake Big Star aliumia mguu 2013 na akasubiriwa hadi akatwaa dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016, alisubiri akiwa na mashine na madaktari pembeni. Smith wa 1938 alisubiri kwa kiganja na macho, mbele ya umati uliokwisha kununua tiketi. Huyo angemfungia mlango Smith wa 1940.

Nitasema na langu, kwa kuwa najua mtaniuliza hasira hii inatoka wapi. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nikimhudumia goti kijana mmoja, winga wa kushoto, katika timu ya huku ambayo sitaitaja. Ligamenti ya ndani. Nilimtembeza kando ya reli, asubuhi kwa asubuhi, miezi minne. Alipoanza kukimbia mstari ulionyooka, kocha alikuja nyumbani na kuniambia, "Papa, mtoto amepona, anakimbia kushinda hata wazima." Alikuwa anakimbia kweli. Nikamwambia anakimbia mbele tu, hajageuka bado, nipe miezi miwili. Alinipa siku kumi. Alicheza mechi ya kwanza vizuri, watu wakanicheka kwenye kilabu. Ya pili akafunga bao. Ya tatu akageuka kumkwepa beki, na sauti ile niliisikia nikiwa nje ya mstari. Leo ana duka dogo la simu, ananisalimia kwa heshima, na kila akinyanyuka kwenye kiti anashika meza kwanza.

Bao lile la mechi ya pili ndilo San Antonio Handicap. Ndilo lililomfanya kocha aamini kwamba mimi ni mzee mwoga.

Wanaopinga watasema Howard hakuwa na njia nyingine, mbio za Santa Anita Handicap alizitamani miaka yote, na mwaka 1937 na 1938 farasi wake alizikosa kwa unyoya. Ninaelewa tamaa hiyo. Lakini katika mabanda yake palikuwa na farasi mwingine, Kayak II, miguu yote minne mizima, bingwa mtetezi aliyemletea Howard Santa Anita Handicap mwaka 1939, wakati Seabiscuit akiwa amelala na mguu wake. Tarehe 2 Machi 1940 Kayak II naye alikuwa uwanjani, na Howard alikuwa ametangaza mapema kwamba anataka Seabiscuit ndiye ashinde. Kayak II akamaliza wa pili. Lau Seabiscuit angebaki amepumzika siku ile, farasi aliyefuata kwenye mstari alikuwa pia wa Howard.