Imepungua au Imepunguzwa?

Kuna maandishi ambayo wahakiki wetu hawajayagusa, ingawa tunayasoma kila wiki: ujumbe wa kusasisha programu. Tuliuzoea kwenye simu, sasa umehamia kwenye skrini ya gari la umeme. Ni mfupi, una adabu, na hauna mtu ndani yake. Hitilafu zimerekebishwa. Utendaji umeboreshwa. Na nani? Kwa faida ya nani? Hausemi.

Mei 2019, Tesla ilituma sasisho kwenye baadhi ya magari yake ya Model S. Kampuni ilisema inalinda betri. Wenye magari wakakuta masafa yamekuwa mafupi kuliko jana yake, kwa betri ileile. Kesi ya Marekani iliisha kwa suluhu mwaka 2021: dola milioni 1.5 kwa magari 1,743, kila mwenye gari akipata dola 625.

Nikiisoma kesi hiyo kwa Kiswahili, naona ugomvi wote uko kwenye kitenzi. Fundi wa Msamvu akikuambia breki zimeharibika, unauliza bei. Akikuambia zimeharibiwa, unauliza na nani. Ndivyo ilivyo kwa betri. Imepungua, kama maji mtungini. Au imepunguzwa, na kuna mkono. Skrini ilionyesha imepungua. Wenye magari walisoma imepunguzwa.

Tusiwaonee watengenezaji. Mei 2018, baada ya Consumer Reports kuonyesha kwamba Model 3 inachelewa kusimama, sasisho lilifupisha umbali wa breki kwa karibu mita 6, bila gari kuingia gereji. Hakuna spana inayoweza hilo. Lakini mkono unaokupa mita za breki ukiwa umelala ndio huohuo unaoweza kukunyima kilomita.

Sasa hebu usome ujumbe huo ukiwa Mzumbe, safari yako ni ya kupanda Mgeta. Njia ya Uluguru ni kona na mwinuko, na mwinuko unakula chaji. Hapo masafa yaliyo kwenye skrini yanaamua kama utalala Nyandira au njiani. Gari la petroli likikwama, unamtuma bodaboda na dumu. Chaji haibebwi kwa dumu.

Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, na sisi wasomaji tukafurahia uhuru. Juni 2024 Fisker iliomba ulinzi wa mufilisi, na wenye magari yake ya Ocean wakabaki wakiuliza nani atawatumia masasisho. Huku kwetu swali hilo linakuja na meli. Tumezoea magari ya mtumba kutoka Japani, redio inatuandikia Kijapani, tunacheka, tunaendesha. Kwa gari la umeme la mtumba, kisichosomeka kinaweza kuwa ndicho kinachoamua betri itoe kiasi gani, na aliyekiandika huenda hayupo tena.

Ninachodai ni uandishi bora, na haki inayoandamana nao. Sentensi iwe na mtenda, sababu na kipimo: tumepunguza masafa ya gari lako kwa kiasi hiki, kwa sababu hii, ukikataa, hatari yake ni hii. Chini yake kiwekwe kitufe cha kukataa. Mtu aliyelipia gari anastahili angalau kujua nani ameligusa.