Kivukoni: Uzuri Wenye Kazi

Wapenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu huihukumu Dar es Salaam kabla hawajashuka botini: mji wa haraka, wasema, usio na haiba. Hukumu hiyo inasahau nasaba. Mji huo ulianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, na Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 likiitazama bandari, ni mtoto wa Unguja kwa mawe yake ya matumbawe na mlango wake wa nakshi.

Lakini nasaba peke yake si haiba. Mshairi anajua kwamba kina kisichobeba maana ni kelele tu, na majengo nayo yana kanuni hiyo. Unene wa kuta za Boma hupunguza joto la mchana. Mbele kidogo, Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1898, lina paa jekundu la vigae kana kwamba limeletwa zima kutoka Bavaria. Ila juu ya madirisha viko vipaa vidogo vya kuyatia kivuli. Hapo mgeni alijifunza lugha ya mahali.

Ubeti ulio bora zaidi, hata hivyo, haupo ufukweni. Uko Kariakoo, mwendo mfupi kuelekea magharibi, katika soko alilolisanifu Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli ya zege iliyopinduliwa, ikikinga mvua na kuyateremsha maji chini. Hakuna pambo lililobandikwa; umbo ndilo pambo. Moto ulipoliunguza Julai 2021, hasara haikuwa ya bidhaa pekee.

Minara ya vioo ya Kivukoni nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Kioo kinacholikabili jua la Februari bila kivuli, kikategemea umeme kupoza vyumba, ni shairi lililokaririwa kwa lugha asiyoielewa mwenye kulighani. Urefu si hoja.

Boma lilifunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, na hilo ni jema. Lakini jengo moja halitoshi kuwa kumbukumbu ya mji. Atakaye kubomoa jingine aulizwe kwanza: hilo jipya linajua nini, juu ya jua, mvua na upepo wa bahari, ambacho la zamani halikukijua?