Gumba na Shahada

Kila jioni nikifika barazani kwake, kabla sijaketi, mzee huniuliza swali lile lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kucha umekata?"

Namnyooshea mkono wa kushoto. Kucha ikizidi kidogo tu, uzi haukandamiziki vizuri na sauti inatoka na mikwaruzo. Akiridhika, analitoa gitaa kwenye foronya. Hapa Shangani, Mtwara, chumvi ya bahari haina simile, nyuzi zikiachwa wazi zinashika kutu upesi. Anazifuta kwa kitambaa kikavu, mmoja mmoja, toka kichwani hadi darajani, ndipo anaanza kuzityuni kwa sikio. Wakati huo mimi hunyamaza.

Gitaa lenyewe ni kavu, lisilo la umeme, na yeye huliita galatoni, kama walivyozoea wapigaji wa zamani. Jina hilo linatokana na nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake yalifika mbali sana. Hata gitaa la mwanzo la John Lennon kule Liverpool lilikuwa Gallotone. Nembo hiyo hiyo ilibandikwa kwenye santuri za mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, Kongo. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, akamrekodi na gitaa lake. Mojawapo ya nyimbo zilizotoka siku hizo ni Masanga. Ndiyo ninayojifunza.

Masanga hupigwa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Ukiisikia bila kuona utaapa wako wapigaji wawili, mmoja chini anatembea na besi, mwingine juu anachombeza. Gumba limepewa nyuzi nene na kazi yake haibadiliki: linashuka uzi wa tano, linapanda wa nne, linarudi wa tano, kwa mwendo wa mtu mwenye safari ndefu asiyetaka kuchoka. Shahada nayo haingoji gumba limalize. Inaingia katikati, mara inawahi, mara inachelewa, inalizunguka pigo bila kulikalia. Ugumu wote uko hapo. Shahada ikiwahi, gumba linataka kuifuata, na papo hapo mkono uliokuwa wa watu wawili unarudi kuwa wa mtu mmoja.

Kwa wiki tatu mzee hakuniruhusu kuitumia shahada. Nilishika kodi ya C, nikapiga gumba peke yake, huku yeye akinipigisha soga: bei ya korosho msimu huu, nani kasafiri kwenda Msimbati, samaki gani wameonekana feri. Alitaka nijibu kwa sentensi kamili. Nikisita kujibu, gumba halijakomaa. Nikijibu vizuri gumba likasita, halijakomaa vilevile. Sijawahi kuona kipimo cha haki kuliko hicho. Vidole vya kushoto vilivimba, vikapasuka, hatimaye vikaota sugu, lakini maumivu hayo ni madogo ukilinganisha na kazi ya kulifundisha gumba lijitegemee.

Siku niliporuhusiwa kutumia shahada nikaharibu kila kitu. Mzee hakunisahihisha. Alielekeza kidevu uani, ambako wajukuu zake wawili walikuwa wanatwanga makopa, michi miwili ndani ya kinu kimoja.

"Wasikilize wale. Hakuna anayemhesabia mwenzake."

Nikatazama. Mchi mmoja ulikuwa juu wakati mwingine uko chini, na mmoja wa wale wasichana aliweza kupiga makofi mchi ukiwa hewani, akaudaka tena bila kumvuruga mwenzake. Nilitazama mpaka unga ukachekechwa.

Yuko Mwingereza mmoja, John Low, aliyefunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza upigaji huu kwa Mwenda mwenyewe na wenzake, na mwaka 1982 kikachapishwa kitabu chake, Shaba Diary. Namwelewa kabisa. Kuisikiliza santuri kunakupa sauti ilivyo, ila kujua namna kiganja kinavyotulia, na kifundo cha mkono kinavyobaki kimelegea, lazima ukae goti kwa goti na mtu anayejua. Mzee akipiga, mkono wake wa kulia karibu hauonekani kusogea. Ni ncha mbili tu zinazocheza, na shahada ikishapiga hairuki mbali. Inabaki palepale juu ya uzi, tayari.

Juzi jioni, bahari imekupwa na kina mama wanarudi na vikapu vya chaza, nilipiga utangulizi wote, mwanzo hadi mwisho, kisha nikaurudia. Gumba halikuyumba. Mzee alikuwa amefumba macho, kisigino chake kikigonga sakafu.

"Haya," akasema bila kufumbua macho. "Sasa imba."

Nikafungua mdomo, gumba likasimama.