Abunusi, Mpingo na Gitaa la Kale

Msomaji wa Palma au Mocímboa da Praia akisoma kwamba gitaa fulani la kale lina ubao wa mpingo, hukumbuka mara moja vinyago vya Wamakonde. Hapo ndipo tafsiri zetu huteleza.

Tulitazame gitaa la jazi la Gibson L-5, lililotolewa mwaka 1922. Uso wake ulichongwa ukabinuka kama wa fidla, ukatobolewa matundu mawili ya umbo la herufi f, ili sauti isimezwe na tarumbeta. Umri wake husomwa mwilini mwake. Kibandiko chenye sahihi ya Lloyd Loar ni cha miaka 1922 hadi 1924. Na jina Gibson likiandikwa kichwani kwa herufi za mwandiko wa mkono, mara nyingi gitaa limetangulia 1948.

Lakini ubao mweusi unaobonyezewa nyuzi ni abunusi, mti wa jenasi Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya kunde. Sifa yake katika muziki ni klarineti. Kamusi zilizoyafunga majina hayo chini ya neno moja la Kiingereza zimetupunja. Wala kosa hili si dogo: tangu 2017 magogo ya mpingo yavukayo mipaka husimamiwa na mkataba wa CITES.

Lugha yetu inayo majina mawili. Mwalimu na ayafundishe yote mawili, kila mti upewe haki yake.