Mteremko wa Joto

Huko Ghana, Togo na Benin kuna chatu mfupi mnene, Python regius kwa jina la kitaalamu, ambaye mchana hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Wengi wa aina yake sasa wanafugwa majumbani Uingereza, ambako baridi ya Januari huingia hadi sebuleni. Nyoka hajipashi moto mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni, na huenda akamtapika panya aliyemmeza. Basi mfugaji hana budi kumtengenezea hali ya hewa ya kwao ndani ya kasha la mbao lenye mlango wa kioo, na kazi hiyo ikifanywa na mjuzi, mimi huitazama kwa heshima.

Mjuzi hapashi kasha zima. Hutengeneza mteremko: upande mmoja nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, upande wa pili 25 hivi, na maficho pande zote mbili, ili nyoka asilazimike kuacha usalama wake kwa kutafuta joto. Akishakula atasogea penye moto, akitosheka atarudi. Uamuzi ni wake.

Chatu huyu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la panya gizani, lakini anaweza kulalia kitu cha moto hadi tumbo likaungua, asiondoke. Ndiyo maana wafugaji makini wameyaacha mawe ya umeme, na taa iliyomo ndani ya kasha huvishwa wavu wa chuma asije akajizungusha juu yake.

Ila ustadi wenyewe nauona kwenye themostati, hasa pale sensa yake inapofungwa. Sensa ikibanduka kwenye mkeka wa joto husoma ubaridi wa hewa, na themostati, kwa utiifu wake wote, huuamuru mkeka uzidi kuchemka. Fundi huibana kwa kibano. Utepe wa gundi haukaribishwi ndani ya kasha, kwani ukishika magamba, kuubandua ni kuchuna ngozi. Waya nao huachwa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Halafu kasha huwashwa likiwa tupu, siku kadhaa. Fundi hupima kwa kipimajoto cha pili kisichohusiana na themostati, mchana na usiku wa manane, akirekebisha kidogo kidogo. Subira hiyo ndiyo inayonivutia kuliko vifaa vyote.

Hata nyoka akishahamia, ukaguzi hauishi. Plagi huguswa kuona kama inapata moto. Mkeka uliokunjika, hata kama bado unafanya kazi, hutupwa, maana kwenye mkunjo ndipo moto unapoweza kuanzia.