Kichekesho Hukaa Ndani ya Mdundo

Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma, kuanzia Shinyanga hadi Geita, umati ndio jaji. Kundi la Wagika na kundi la Wagalu hupiga kwa wakati mmoja, jirani kabisa, na mtazamaji huenda anakovutwa. Anayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Jadi husema makundi haya yalitokana na Ngika na Gumha, waganga mahasimu wa karne ya 19, na hadi leo wapo wanaosifu dawa ya mvuto. Mimi naona mvuto uko kwenye hesabu ya mdundo.

Tazama bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani. Wachezaji hurusha na kuzungusha majembe. Mmoja hujifanya jembe limemponyoka, anapepesuka, watu wanaguna, kisha analidaka pale pale ngoma kubwa inapodunda. Sikio lilikwisha kuutarajia mdundo huo. Ndiyo maana kicheko hulipuka kwa pamoja. Akichelewa kidogo tu, inakuwa ajali. Na mpiga ngoma hacheki hata kidogo. Akilegeza mkono ili naye afurahie, mchezo wote unaporomoka.

Ufundi huo huo ndio unaoifanya filamu ya Kiitaliano *Totò a colori* ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Steno, ichekeshe hadi leo. Totò, mchekeshaji wa Napoli, anaongoza bendi uwanjani mpaka mwili wake unageuka fataki. Kwingine anajificha miongoni mwa vikaragosi na kucheza kama mmoja wao, viungo vikilegea kana kwamba kamba zimekatwa. Wasukuma nao huchezesha vinyago vya mbao uwanjani, vingine vikiwa na mikono inayokunjika. Kote huko muziki unashika njia yake na mwili ndio unaopotea.

Machimboni Geita na Kahama, ambako watu wametoka kila pembe ya nchi, kichekesho cha namna hii hakimlazimu mtu kujua Kisukuma. Kinachokiua ni kamera. Video nyingi za ngoma siku hizi huvuta uso karibu na kukatakata picha, hivyo mguu na mdundo havikutani tena. Mpiga video, rudi nyuma hatua chache, mchezaji aonekane kuanzia utosini hadi unyayoni, na usikate mpaka jembe lidakwe.