Ramani ya Jiji, Tozo ya Daraja na Malori ya Canal Street

Kwa zaidi ya miaka 34, dereva wa lori aliyetoka Brooklyn kwenda New Jersey alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilimpitisha Daraja la Verrazzano, akakatiza Staten Island na kuingia New Jersey akiwa kwenye barabara kuu mwanzo hadi mwisho, bila taa wala kivuko cha waenda kwa miguu. Ya pili ilimwingiza katikati ya mji: Daraja la Manhattan, kisha Canal Street pale Chinatown, ambako samaki na mboga hupangwa hadi njia ya watembea kwa miguu, halafu taa moja baada ya nyingine mpaka mdomo wa Holland Tunnel. Malori mengi yalishika hiyo ya pili.

Madereva hawakuwa wamepotea, wala hawakuvunja sheria. Canal Street imo kwenye ramani rasmi ya njia za malori ya Jiji la New York. Kilichowaongoza ni tozo. Wakazi wa Staten Island walichoka na moshi wa foleni kwenye vibanda vya kulipia upande wao wa Daraja la Verrazzano, wakapeleka kilio chao hadi Bunge la Marekani, na kuanzia Machi 20, 1986 daraja likawa linatoza upande mmoja tu: anayeelekea Staten Island analipa mara mbili, anayetoka huko anapita bure. Holland Tunnel nayo hutoza upande mmoja, wa kuingia New York. Daraja la Manhattan halikuwa na tozo kabisa. Kwa hiyo lori lililotoka Brooklyn likapita Canal Street lilifika New Jersey bila kulipa hata senti, na kwa kuwa tozo ya daraja hupanda kadiri ekseli zinavyoongezeka, lori zito ndilo lililopata faida kubwa zaidi kwa kupita sokoni. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 malori ya ekseli nne na zaidi yalifungiwa Holland Tunnel. Yaliyobaki na ruhusa yalibaki na hesabu ileile, mpaka Desemba 1, 2020, tozo ya Verrazzano iliporudishwa pande zote mbili.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi juu ya njia za malori huanzia kwenye vibao. Kibao hapa, lori lisipite pale, trafiki asimame kwenye kona. New York ina vibao, ina ramani, na kwa maoni yangu ina mojawapo ya kanuni zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuhusu jambo hili. Bado tozo ya daraja moja iliishinda kanuni hiyo kwa zaidi ya miongo mitatu. Barabara na Daraja la Manhattan ni vya Jiji, Verrazzano liko chini ya mamlaka ya usafiri ya MTA, na handaki ni la Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Kila mmoja alifanya hesabu zake mwenyewe, na jumla yake ikalipwa na watu wa Chinatown kwa mapafu yao.

Kanuni yenyewe inastahili kusomwa taratibu, maana ndani yake mna ufundi. Kwanza inaeleza lori ni nini: gari la biashara lenye ekseli mbili na matairi sita, au lenye ekseli tatu na zaidi. Haitaji uzito. Askari aliyesimama barabarani anahesabu matairi kwa macho, na pikapu ya fundi bomba yenye matairi manne haiguswi. Kwa kazi hii ya kuamua nani apite wapi, uamuzi huo ni wa busara sana, kwa sababu sheria inayohitaji mizani kila kona itasimamiwa siku ya mkaguzi tu.

Kisha inagawa njia katika aina mbili. Kuna njia za wapitaji, kwa lori lisilo na mzigo wa kuchukua wala kushusha katika sehemu ile ya jiji, tuseme linalokatiza Queens likienda kwingine. Na kuna njia za wenyeji, kwa lori lenye kazi humohumo. Dereva anatakiwa awe na hati ya mzigo inayoonyesha alikotoka na anakokwenda, na askari akiiomba, aitoe. Hati hiyo ndiyo inayotenganisha mpitaji na mwenye kazi. Bila karatasi, kila dereva angesema ana mteja mtaa wa pili.

Kazi kubwa ya kanuni imo kwenye kifungu cha kuacha njia. Mzigo hauishii barabara kuu. Unaishia mlango wa nyuma wa duka, kwenye mtaa ambao hauko kwenye ramani ya malori. Kanuni inamwambia dereva aache njia iliyoteuliwa kwenye makutano yaliyo karibu zaidi na anakokwenda, afuate njia fupi, ashushe, kisha arudi kwenye njia ya malori iliyo karibu. Na kama ana mteja mwingine eneo lilelile, anaruhusiwa kwenda moja kwa moja bila kurudi kwanza, kwa sharti moja: asikatize njia ya malori ili kumfikia.

Chukua lori la vinywaji lenye maduka matatu ya kushushia. Duka la kwanza na la pili yako upande mmoja wa njia ya malori. Dereva anaingia mara moja, anashusha kreti kwa la kwanza, anakata kona mbili, anashusha kwa la pili. Duka la tatu liko ng'ambo ya njia ileile, pengine karibu kuliko umbali kati ya yale mawili ya kwanza. Hapo hana ruhusa ya kukatiza tu kupitia mitaa ya makazi. Lazima arudi barabarani, aende nayo, kisha aingie upya kwenye makutano yaliyo karibu na duka hilo. Sharti hilo dogo linaligeuza jiji kuwa nyumba ya vyumba na korido: ndani ya chumba unazunguka, lakini kutoka chumba kwenda chumba unapita koridoni.

Ndiyo maana uamuzi mzito kwa mchora ramani ni ukubwa wa vyumba. Akiacha nafasi pana mno kati ya njia moja na nyingine, lori litazurura muda mrefu mbele ya nyumba za watu, na kisheria halina kosa. Akizibana sana, karibu kila mtaa wa pili unakuwa njia ya malori na uteuzi haumlindi mtu. Naona miji mingi inakwama hapa, kwa kuwa inachora njia kwa kuangalia barabara iliyo pana na haianzii kwenye malango ya mizigo yenyewe.

Halafu ziko kona. Ndani ya jiji, kichwa na tela kwa pamoja havitakiwi kuzidi futi 55, karibu meta 17. Tela la futi 53, ambalo ndilo la kawaida kwenye barabara kuu za Marekani, linaruhusiwa kwenye barabara chache zilizotajwa kwa majina, hasa kwa wapitaji. Sababu iko kwenye matairi ya nyuma. Tela linapopinda, magurudumu ya mwisho hayafuati nyayo za kichwa. Yanakata kwa ndani, yanapanda ukingo, na kwenye ukingo huo ndipo mtu anaposimama akingoja taa. Dereva mzuri hulitanua lori upande wa pili kabla hajapinda ili kuunusuru ukingo. Kwenye mtaa wenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, hana pa kutanulia.

Kimo kina hadithi yake. Lori linaruhusiwa kufikia futi 13 na inchi 6, kama meta 4.1. Barabara kadhaa pana za New York, kama Belt Parkway inayozunguka ufukwe wa Brooklyn, zilijengwa kwa magari madogo tu, nyingi zikiwa na madaraja ya chini, na malori hayaruhusiwi kabisa. Kwenye ramani ya kawaida unaona njia nyingi za kukwepa mji. Kwenye ramani ya dereva wa lori nyingi kati ya hizo hazipo. Mzigo wote unasukumwa kwenye chache zilizobaki, hasa ile ya Brooklyn na Queens ambayo wenyeji huiita BQE, ambayo kipande chake cha Brooklyn Heights kimening'inizwa kwa ghorofa ubavuni mwa kilima na sasa kinazeeka.

Hapo uzito ndio unaoua. Majaribio ya barabara ya AASHO, yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, yaliwafundisha wahandisi kwamba madhara kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ongeza uzito wa ekseli mara mbili, na madhara yanafika karibu mara 16. Novemba 2023 Jiji lilianza kutoza faini kwa vipimo vilivyozikwa ndani ya lami ya BQE, vinavyopima lori likiwa mwendoni bila kusimamishwa, na malori yaliyozidisha uzito kuelekea Queens yakapungua kwa zaidi ya nusu. Sheria ya uzito ilikuwepo miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila lori hupimwa, usiku na mchana.

Hunts Point, kule Bronx, inafundisha jambo lingine. Ni rasi yenye masoko makubwa ya jumla ya chakula kinacholiwa jiji zima, na maelfu ya watu wanaishi kando ya mitaa inayoelekea huko, katika eneo linalojulikana Marekani nzima kwa pumu ya watoto. Barabara kuu ya Bruckner inapita jirani kabisa, lakini haikuwa na mteremko wa kuingilia rasi moja kwa moja. Lori lilishuka mbali kidogo, likamalizia safari mbele ya nyumba na shule. Hakuna kibao kingeponya hilo. Mwaka 2019 jimbo lilianza kujenga miteremko ya kuunganisha Bruckner na rasi, ili lori litoke barabara kuu hadi langoni mwa soko bila kugusa mitaa ya makazi. Ni kazi ya gharama kubwa mno, iliyochelewa kizazi kizima, na naiona kuwa sahihi kabisa.

Wanaotaka njia ya mkato huzuia tu. Februari 2014 Meya Joseph Estrada wa Manila aliyapiga marufuku malori makubwa mchana, akayaachia saa chache tu za kupita, ilhali bandari iko katikati ya mji na hakuna njia mbadala iliyoandaliwa. Kontena zikarundikana bandarini, meli zikangoja, viwanda vikakosa malighafi. Septemba mwaka huohuo amri ikafutwa.

Dar es Salaam nayo bandari yake iko mjini. Barabara ya Mandela ndiyo inayobeba kazi hiyo, kutoka upande wa bandari kupitia TAZARA na Buguruni hadi Ubungo inakokutana na Barabara ya Morogoro. Daraja la Mfugale lilifunguliwa 2018 pale TAZARA, na la Kijazi 2021 pale Ubungo. Yote mawili yamesaidia kwenye makutano. Hayagusi swali la Hunts Point: lori linapoacha Mandela kuelekea yadi ya kontena, ghala au gereji, linaiachia wapi, na linarudi kwa mtaa gani? Mandela ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mtaa wa ndani, kwa kawaida, ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Geti ni la bandari au la mwenye yadi, na kona ni ya trafiki. Hizo ni meza nne, na Canal Street iliharibiwa na tatu. Na lori letu ni zito zaidi: Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa ekseli saba, wakati kiwango cha kawaida Marekani ni pauni 80,000, yaani tani 36 na kidogo.

Wala si kwamba hatujui kulipangia lori njia. Tunajua sana, pale kodi inapohusika. Mzigo wa transiti wa Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi hauendi popote dereva apendapo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inautaka ufuate njia zilizoidhinishwa, kontena linafungwa lakiri ya kielektroniki, na lori likitoka njiani ofisi inapata tahadhari. Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo hiyo tangu 2017. Kinachoogopwa ni bidhaa kushushwa Vingunguti, humohumo Dar es Salaam, bila kulipiwa, na hofu hiyo imezaa teknolojia ambayo New York ilipochora njia zake haikuwa nayo.

Lakiri hiyohiyo inajua lori liliacha Mandela wapi, liliingia mtaa upi, saa ngapi, likakaa muda gani. Ondoa jina la mwenye mzigo na namba ya gari, na unabaki na taarifa anayoihitaji mhandisi wa TARURA ili aamue mtaa upi uongezewe unene wa lami, upi uwekewe kizuizi cha kimo, na kona ipi ukingo wake urudishwe nyuma meta mbili. Mzigo wa ndani hauna lakiri, lakini una dilivari noti, na dilivari noti ina anwani mbili. Trafiki wa Buguruni anaweza kuanza na hiyo kesho asubuhi, mradi awepo mtu wa kumkabidhi ramani inayosema lori la tairi kumi na nane linaruhusiwa kupinda wapi.